MJADALA: Nani hasa alimng'oa Mwingereza India, Gandhi au askari walioasi?

Mwalimu wa Zamu
Wakuu, salaam. Naomba hili tulijadili kwa hoja. Shuleni tumefundishwa, na wengi wetu bado tunafundisha, kwamba India ilipata uhuru tarehe 15 Agosti 1947 kwa sababu mzee mmoja aliyejifunga shuka alikataa kupigana. Mwaka 1930 alitembea kutoka Sabarmati hadi Dandi, kilomita 385 hivi, akaokota chumvi ufukweni kinyume cha sheria ya Mwingereza, na dola ikatikisika.

Mimi nasema hesabu haikubali. Chumvi ni 1930, uhuru ni 1947. Agosti 1942 Congress, chama cha Gandhi cha kudai uhuru, kilipomwambia Mwingereza aondoke, viongozi walizolewa alfajiri ya tarehe 9 kabla hata hawajapanga lolote, na vuguvugu likazimwa kwa risasi na viboko. Halafu Februari 1946 mabaharia wa jeshi la majini la India wakaasi pale Bombay, meli 78, watu kama 20,000, wakashusha bendera ya Mwingereza. Mwaka mmoja baadaye, karibu wiki ileile, waziri mkuu Attlee akasimama bungeni London akasema tunaondoka si zaidi ya Juni 1948.

Swali: tumewafundisha watoto wetu historia ya India, au hadithi ambayo Mwingereza mwenyewe anapenda isimuliwe, kwamba aliondoka kwa sababu dhamiri ilimsuta?

Nyundo ya Chuma
Mwalimu umesema ukweli ambao wengi hawataki kuusikia. Mtawala haogopi maandamano, anaogopa siku askari wake watakapokataa amri. Subhas Chandra Bose, mpigania uhuru wa India aliyeungana na Mjapani, alilijua hilo. Alilishika jeshi lililokwisha kuundwa kwa mateka wa Kihindi waliosalimu amri kwa Mjapani kule Singapore, akalifufua, Oktoba 1943 akatangaza serikali ya muda, hadi kikosi cha wanawake chini ya daktari Lakshmi Swaminathan. Mwaka 1944 wakafika mpakani mwa India, Imphal na Kohima.

Mwingereza alipowakamata akawafungulia kesi Red Fort, Delhi, mwishoni mwa 1945. Washtakiwa watatu wa kwanza: Shah Nawaz Khan Mwislamu, Prem Sahgal Mhindu, Gurbaksh Singh Dhillon Singasinga. Nchi nzima ikawaka. Walihukumiwa, na bado mkuu wa majeshi aliogopa kuitekeleza ile adhabu ya kifungo cha maisha uhamishoni, akawaachia. Dola inayoogopa wafungwa wake imekwisha.

Na tuseme lingine ambalo hapa hatulisemi. Waliotumika kumzuia Bose asiingie nchini mwake ni pamoja na babu zetu wa keya (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki). Walimbebea Mwingereza bunduki hadi Burma ili Mhindi aendelee kutawaliwa. Hilo nalo lifundishwe.

Binti Mvita
"Mzee mmoja aliyejifunga shuka." Mwalimu, nakuheshimu, ila sentensi hiyo imeniuma. Mzee mmoja? Mwaka ule wa 1930 watu kama 60,000 waliingia jela kwa ajili ya chumvi. Mei, kule Dharasana, wakiongozwa na Sarojini Naidu baada ya Gandhi kukamatwa, watu walikwenda safu kwa safu kwenye kiwanda cha chumvi, wakapigwa virungu vichwani, safu ikianguka nyingine inasogea. Hakuna aliyeinua mkono. Huyo Sarojini ndiye aliyekuja hapa Mombasa mwaka 1924 kuongoza mkutano wa Congress ya Wahindi wa Afrika Mashariki.

Mnasema askari, askari. Haya, Peshawar, 23 Aprili 1930, kwenye mtaa wa Qissa Khwani. Wafuasi wa Abdul Ghaffar Khan, Wapathani ambao kila mtoto wao hukua na bunduki nyumbani, walisimama mikono mitupu. Askari wa Kihindi wa Garhwal Rifles, kikosi cha jeshi la Mwingereza, wakaamriwa kupiga risasi, wakakataa. Walifungwa miaka mingi kwa kukataa huko. Ni nini kiliwafanya wakatae kama si kuona mbele yao watu wasio na silaha? Kabla ya uasi wa 1946 kulikuwa na 1930, na 1930 ndiyo iliyomfundisha askari kwamba amri inaweza kukataliwa. Nijibuni hilo.

Mwana wa Machakos
Nitajibu la Nyundo kwanza, maana hapo sipiti.

Ati "walimbebea Mwingereza bunduki". Babu yangu mzaa baba alikwenda Burma. Hakuulizwa anamwonaje Bose. Chifu alikuja na orodha, na nyumbani kulikuwa na kodi na njaa. Unajua meli inayoitwa Khedive Ismail? Ilitoka Mombasa kwenda Colombo, Februari 1944, imejaa wanajeshi wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Nyambizi ya Kijapani ikaipiga karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wengi wao vijana wetu. Hao unawasimamisha leo kizimbani ukiwa umekaa na simu mkononi?

Bose alichagua upande wake akiwa mtu mzima, msomi wa Cambridge. Kijana wa Machakos alichaguliwa na chifu. Usiwaweke kwenye mizani moja.

Nyundo ya Chuma
Ndugu yangu wa Machakos, sijamtukana babu yako. Nimesema alitumika. Kutumika si dhambi yake, ni dhambi ya aliyemtuma. Lakini ukweli haubadiliki kwa sababu unaumiza ukoo. Hata Wahindi walitumwa kwetu: Novemba 1914 Mwingereza alileta Tanga kikosi kutoka India, watu kama 8,000, wakapigwa na askari wa Mjerumani, ambao nao walikuwa watu wetu. Mweusi na Mhindi wanauana Tanga kwa ajili ya London na Berlin. Miaka 30 baadaye tukawarudishia kule Burma.

Mwana wa Machakos
"Tukawarudishia"! Wewe ulirudisha nini? Wapo watu humu wanaandika kuhusu marehemu kana kwamba walikuwa pamoja mahandakini.

Karani Mstaafu
Vijana, poleni kwa joto. Nyundo, mjukuu wangu, nikuulize tarehe, maana tarehe ndizo zitaamua. Jeshi la Bose lilipigana Imphal pamoja na Wajapani kuanzia Machi 1944. Mzingiro wa Imphal ulivunjwa Juni, na Julai Wajapani walishaamriwa kurudi nyuma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yaani keya, ilishika zamu mji wa Tamu, mpakani mwa Burma, mwezi Agosti. Kazi yake ilikuwa kumfukuza Mjapani anayekimbia, kushuka bonde la Kabaw katikati ya masika ya kule, matope hadi magotini, malaria na homa ya taifasi ya vichakani zikiua kabla ya risasi, hadi wakaingia Kalewa Desemba na kuvuka mto Chindwin. Bose alikuwa ameshashindwa kabla keya hawajaingia kwenye lile bonde.

Sasa ni nani aliyemzuia Imphal? Jeshi la 14 la Jenerali Slim, na wengi katika jeshi lile walikuwa Wahindi wenyewe. Wahindi kama milioni mbili na nusu walijiandikisha katika vita vile, wote kwa hiari. Kwa hiyo ukitaka kumlaumu mtu kwa kumzuia Bose, anza na Punjab kabla hujafika Machakos.

Kijana wa Temeke
Mzee shikamoo, hapo umemaliza kazi. Mimi nina dogo tu. Wenzao wanapigwa virungu kule Dharasana, Wahindi wa huku kwetu walikuwa dukani wanapima sukari. Mapambano yao waliyaona gazetini tu, na ya kwetu vilevile.

Mjukuu wa Jinja
Kijana wa Temeke, nakujibu kutoka Leicester, Uingereza, ambako familia yangu ilifika 1972 na masanduku mawili. Wauza duka walikuwepo, na babu yangu alikuwa mmoja wao. Lakini maneno yako yanamfuta mtu kama Makhan Singh. Alianzisha chama cha wafanyakazi Nairobi miaka ya 1930, akakipeleka kwa Waafrika na Wahindi pamoja wakati sheria na desturi zote zilitaka watengane. Alipokwenda India Mwingereza akamkamata 1940, akamshikilia kwa miaka. Akarudi Kenya Agosti 1947, mwezi uleule India inapata uhuru. Angeweza kukaa kule kwenye sherehe. Aprili 1950, ukumbi wa Kaloleni, akasimama akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Wiki chache baadaye akatiwa kizuizini, akatoka Oktoba 1961. Zaidi ya miaka 11. Kenyatta mwenyewe hakukaa muda huo.

Na kesi ya Kapenguria, Nehru, waziri mkuu wa India huru, alimtuma Diwan Chaman Lall kutoka India aje asimame na mawakili wa Kenyatta. Pio Gama Pinto aliipigania Kenya na Goa kwa pumzi moja, akapigwa risasi Nairobi Februari 1965. Hao pia walikuwa dukani?

Sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa Jinja, kwenye chanzo cha Nile, mwaka 1948. Bibi yangu alikuwepo ukingoni, na hakuwapo Mhindi peke yake siku ile.

Fikra Huru
Umelitaja jina la Gandhi na Afrika katika sentensi moja, basi tuzungumze. Alikaa Afrika Kusini tangu 1893 hadi 1914. Moja ya mambo ya kwanza aliyoshughulikia Durban ni posta: ilikuwa na mlango wa wazungu na mlango wa wengine wote, naye akalalamika Wahindi kupitishwa mlango mmoja na Waafrika. Ukaongezwa mlango wa tatu. Mwaka 1906 Wazulu waliposimama na Bambatha kukataa kodi, alijitolea kuongoza wabeba machela upande wa Mwingereza. Ndiyo maana Desemba 2018 sanamu yake iling'olewa Chuo Kikuu cha Ghana, Legon. Wahadhiri na wanafunzi wale walisoma alichoandika kwa mkono wake.

Na kwao wenyewe, muulizeni Ambedkar, kiongozi wa Dalit, watu wa tabaka la chini kabisa walioitwa wasioguswa. Mwaka 1932 Dalit walipewa haki ya kuchagua wabunge wao peke yao. Gandhi akagoma kula gerezani Yeravda hadi kufa. Ambedkar akabanwa: saini, au damu ya Mahatma iwe juu ya watu wako, na vijijini watalipiziwa kisasi. Akasaini mkataba wa Poona Septemba. Mnaita hiyo njia isiyo na nguvu? Ilikuwa nguvu, na ilimwangukia mnyonge.

Binti Mvita
Fikra Huru, ya Durban hayapingiki na mimi sitetei. Lakini umeacha kitu: kati ya wale wabeba machela na Wazulu. Wauguzi wa kizungu hawakutaka kuwagusa Wazulu waliochapwa viboko, na kikosi kile cha Wahindi ndicho kilichowaosha vidonda. Haifuti upande aliochagua, ila ilitokea. Na Ambedkar, baada ya mkataba ule viti vya Dalit vilikuwa vingi zaidi, 148 badala ya 71. Sema yote.

Fikra Huru
Dada, viti 148 ambavyo mpiga kura wa tabaka la juu ndiye mwenye neno la mwisho nani akae. Ambedkar alilalamikia hilo hadi kifo chake. Wingi wa viti si kitu kama aliyekaliwa shingoni hachagui nani amsemee.

Mwalimu wa Zamu
Wakuu, turudi kwenye mada. Sikuuliza kama Gandhi alikuwa mtu mwema. Nimeuliza nini kilimtoa Mwingereza. Na bado hatujagusa fedha. Vita vilipoisha Uingereza ndiyo iliyokuwa inadaiwa na India, zaidi ya pauni bilioni moja, kwa sababu askari na mali ya India vililipwa kwa ahadi. 1946 London ikakopa dola bilioni 3.75 Marekani ili tu wananchi wake wale. Mwaka 1943 Bengal walikufa njaa watu kama milioni tatu chini ya utawala uliodai unawalinda. Serikali iliyofilisika, jeshi lisiloaminika, watu waliozika milioni tatu. Katika orodha hiyo chumvi iko wapi?

Kuna hata maneno ya Attlee mwenyewe. Aliulizwa na jaji mmoja wa Calcutta, akajibu kwamba waliondoka kwa sababu ya jeshi la Bose na uasi wa wanamaji, na mchango wa Gandhi ulikuwa mdogo sana.

Karani Mstaafu
Mwalimu, maneno hayo ya Attlee yanatoka kwenye barua ya huyo jaji, aliyeiandika 1976 kuhusu mazungumzo ya 1956. Attlee alikuwa ameshakufa, na hakuna maandishi yake yanayosema hivyo. Mahakamani usingeyaleta. Wewe ni mwalimu, usiwape watoto ushahidi wa namna hiyo.

Kisha wanamaji uliowasifu, nani aliwaambia waweke silaha chini? Vallabhbhai Patel wa Congress, na Jinnah wa Muslim League naye aliwataka wasalimu amri. Kwa nini? Waliokuwa wanajiandaa kushika serikali hawakutaka kurithi jeshi lililozoea kuasi. Hapo ndipo mjadala wenu ulipo, si kwenye chumvi.

Baba Rukia, Maskati
Mimi nasoma tangu mwanzo, nashangaa kitu kimoja. Mnaandika "uhuru wa India" kana kwamba tarehe 15 Agosti kilizaliwa kitu kimoja, wakati nchi iligawanywa mbili, India na Pakistan. Hapa nilipo nafanya kazi na watu wa Lahore, Karachi na Kerala. Ukimtajia mzee wa Lahore mwaka 1947 hakumbuki bendera, anakumbuka treni za wakimbizi.

Mountbatten, mtawala wa mwisho wa Mwingereza India, alileta siku mbele kutoka Juni 1948 hadi Agosti 1947. Mwanasheria Cyril Radcliffe, ambaye hakuwahi kukanyaga India, akafika Julai akapewa wiki tano kugawa Punjab na Bengal kati ya India na Pakistan. Ramani ikatangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya uhuru. Watu waliamka hawajui wako nchi gani. Zaidi ya milioni 12 walihama, waliokufa wanakadiriwa kuanzia laki mbili hadi milioni. Sasa mnagombania nani apewe sifa. Nani abebe hayo? Gandhi alikuwa Calcutta siku ile, amefunga, hakwenda Delhi kusherehekea. Yeye peke yake kati ya wakubwa wote alionyesha anaelewa kilichotokea. Miezi mitano baadaye, 30 Januari 1948, Mhindu mwenzake akampiga risasi kwa sababu hiyohiyo.

Nyundo ya Chuma
Baba Rukia, kama Bose angekuwa hai nchi isingegawanywa. Jeshi lake lilikula sahani moja, Mwislamu, Mhindu, Singasinga.

Baba Rukia, Maskati
Bose alikufa Agosti 1945. Siwezi kubishana na nchi ambayo haikuwahi kuwepo. Watu wa Lahore waliikimbia iliyokuwepo.

Mwana wa Machakos
Mimi bado niko palepale. Nyundo amejibu Tanga, amejibu Punjab, amejibu Lahore. Mzee Karani kampa tarehe, kazipita. Nauliza tena mbele ya wote: keya walimzuia Bose wapi, siku gani? Taja mahali.

Nyundo ya Chuma
Hoja yangu haiko kwenye siku. Hoja ni kwamba Mwafrika alipigania dola iliyomtawala, na aliporudi hakupewa hata shamba. Maafisa wazungu walipewa ardhi Nyanda za Juu Kenya. Babu yako alipewa nini?

Mwana wa Machakos
Sasa unabadilisha. Ulianza na "walimzuia Bose", umefika "hakupewa shamba". La shamba tuko pamoja, na ndiyo sababu nimekasirika. Alipewa kibunda cha kumsindikizia nyumbani, kidogo kuliko cha mzungu wa cheo kilekile, na kipande cha kuonyesha. Lakini usiseme hawakujifunza kitu. Waruhiu Itote alikuwa Burma na keya. Akarudi, akaingia msitu wa Mlima Kenya, akawa Jenerali China wa Mau Mau. Ujuzi wa vita alioutumia kumpiga Mwingereza aliupata kwa Mwingereza huyohuyo. Huyo naye mwite kibaraka.

Nyundo ya Chuma
Neno kibaraka sikuliandika. Panda juu usome.

Mjukuu wa Jinja
Hukuliandika, ila kila mtu alilisikia.

Na ukitaka kujua nchi huru ilivyowalipa waasi wake: askari wa Bose hawakurudishwa jeshini na serikali ya Nehru. Wanamaji wa Bombay walioasi hawakurudishwa, si India wala Pakistan. Pensheni ya wapigania uhuru India ilianza 1972, robo karne baadaye, wengi wameshazikwa.

Kijana wa Temeke
Kumbe! Yaani walioasi hawakurudishwa, na waliotii huku kwetu hawakupewa ardhi? Mwalimu, hiyo ndiyo mada ingekuwa. Swali la Gandhi au Bose limekuwa dogo.

Mwalimu wa Zamu
Si dogo. Ni swali la nani anastahili kuingia kitabuni, na kitabu ndicho kinachoamua nani alipwe. Binti Mvita alileta Peshawar ya 1930 tangu asubuhi na hakuna aliyemgusa, na mimi mwenyewe nadhani hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi yangu. Nitairudia usiku nikitoka kusahihisha.

Binti Mvita
Nasubiri, Mwalimu. Na ukirudi uje na jibu la Garhwal, usije na jaji wa Calcutta.

Mwana wa Machakos
Mimi nasubiri jina la mahali. Nyundo, Imphal, Kohima, Tamu, Kalewa, chagua moja.